Mafuta Yakija Pemba, Mwenye Shamba Ajiandae Vipi

Habari ya mafuta si ngeni Pemba. Mwaka 1962 kampuni za BP na Shell zilichimba kisima cha utafiti kisiwani kwetu, kikashuka zaidi ya mita 3,000, na watu wa Tundaua wanajua tangu zamani kwamba kwao kuna mahali mafuta huchuruzika yenyewe kutoka ardhini. Mwaka 2015 sheria ya petroli ya Tanzania iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake, na mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya utafutaji na uchimbaji iliyozaa Mamlaka ya Udhibiti, ZPRA, na Kampuni ya Maendeleo ya Mafuta, ZPDC. Mwaka 2017 ndege na meli za utafiti zilipita juu yetu na mbele ya pwani zetu. Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba wa mgawanyo wa mafuta na gesi asilia na kampuni ya RAK Gas kutoka Ras Al Khaimah kwa kitalu (eneo lililotengwa kwa utafutaji) cha Pemba na Unguja, na mwaka 2024 Serikali ikafungua duru ya kwanza ya kunadi vitalu vingine baharini.

Hadi leo hakuna hata pipa moja lililouzwa kutoka Zanzibar. Kwa mwenye shamba huu ndio wakati mzuri, kwa sababu mambo yote yatakayoelezwa hapa hufanyika kwa utulivu na kwa gharama ndogo wakati hakuna anayeigombania ardhi, na huwa magumu mno siku gari za wapimaji zinapoingia kiamboni. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye eka zake tatu, kwa warithi wa shamba la mikarafuu lisilogawiwa tangu babu afariki, kwa mama anayelima mpunga bondeni bila karatasi yoyote, na kwa mwenye nyumba mbili Wete au Chake anayefikiri kupangisha.

Kilicho chako na kisicho chako

Matumaini mengi yanayozungumzwa barazani yanatokana na habari za Marekani. Katika jimbo la North Dakota, ambako uchimbaji ulipamba moto kuanzia mwaka 2008 hivi, mkulima anaweza kuwa mmiliki wa madini yaliyo chini ya shamba lake, akaikodishia kampuni haki ya kuchimba, na kila mwezi akapokea mrabaha, ambao kwa kipimo cha kale cha huko ulikuwa thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ya mafuta yanayotoka. Wapo waliotajirika kwa njia hiyo bila kushika jembe. Wapo pia majirani zao ambao madini yao yaliuzwa na wazee wao miaka mingi nyuma, wao wakabakiwa na ardhi ya juu tu, wakaambulia vumbi, kelele na fidia ya njia iliyopitishwa shambani.

Sisi sote Zanzibar tuko upande wa hao majirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya umma chini ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 inampa mtu haki ya matumizi. Mafuta na gesi vilivyo chini ni mali ya nchi. Kwa hiyo hakuna mrabaha wa shamba, na yeyote atakayekuahidi asilimia ya mafuta ili umuuzie au umwandikishe eneo lako anakudanganya, hata akija na karatasi zenye mihuri.

Unachoweza kudai ni vitu vingine, navyo si haba: fidia ya nyumba, miti na mazao yatakayoondolewa, fidia ya kukosa kulitumia eneo, malipo ya usumbufu wa kuhama, na malipo ya uharibifu wowote unaotokea wakati wa utafiti, kama kisima kuchafuka au ukuta kupasuka. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila fidia. Lakini anayefidiwa ni yule anayeweza kuonesha kwamba kitu kilikuwepo, kilikuwa katika hali fulani, na kilikuwa chake. Mambo hayo matatu ndiyo kazi yote ya mwongozo huu.

Mpemba ana faida moja hapa ambayo wakulima wengi duniani hawana. Tumezoea tangu zamani kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu na mikarafuu iliyo juu yake ikawa ya mtu mwingine, na kwamba mikarafuu inaweza kuwekwa rehani huku ardhi ikibaki kwa mwenyewe. Mazoea hayo yanatusaidia kuelewa kwamba haki za kipande kimoja zinaweza kugawika. Yanatuletea pia hatari, kwa sababu mpimaji anayetoka nje ya kisiwa akiona shamba moja huandika jina moja. Ikiwa miti iliyo katika shamba lako ni ya ami yako au ya jirani, jambo hilo liandikwe sasa mbele ya mashahidi, kabla fidia haijawafanya ndugu wawili wasisalimiane.

Karatasi za shamba

Anza kwa kujiuliza shamba lilikufikiaje. Kama ni eka tatu alizopewa mzee wako baada ya Mapinduzi, tafuta hati aliyokabidhiwa na uisome vizuri, kwa kuwa eka tatu zilitolewa kwa masharti, na warithi wengi wamezigawa au kuziuza bila kujua masharti hayo yanasemaje. Ipeleke Kamisheni ya Ardhi, ofisi ya Pemba, uulize hadhi yake na hatua za kuihamishia kwa mrithi. Kama shamba lilinunuliwa kwa barua iliyoandikwa nyumbani mbele ya watu wawili, barua hiyo ina thamani, lakini ongezea maelezo ya sheha na ya majirani wa pande zote nne maadamu mashahidi wako hai. Kama mikarafuu ni ya Serikali na wewe unaitunza au unaikodi, usijiandikishe kama mwenyewe. Tunza mkataba na risiti zako, kwa sababu mkodi naye ana maslahi yake anayoweza kuyadai. Na kama eneo ni wakfu wa msikiti au wa ukoo, wahusishe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana tangu mwanzo, kwani hapo hakuna mtu binafsi mwenye mamlaka ya kukubali chochote.

Baada ya hapo ndipo uombe shamba litambuliwe, lipimwe na lisajiliwe. Sheria za utambuzi, upimaji na usajili wa ardhi zimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini sehemu kubwa ya mashamba bado inashikiliwa kwa kujulikana tu. Kujulikana ni nguvu kubwa katika shehia ambayo watu wake hawahami. Nguvu hiyo hupungua sana pale anayeamua ni mtu asiyekujua, aliyekaa ofisini mbali, akiwa na ramani iliyochorwa kutoka angani.

Siku ya kutembea mipaka, nenda na majirani wote kwa pamoja, wakiwemo wale mliowahi kugombana. Kila pembe isimamiwe na pande mbili, mti wa mpaka utajwe kwa jina lake, na kama una simu yenye uwezo wa kuonesha majira ya mahali (GPS), andika nambari zake katika kila pembe. Mchoro huo wa mkono, wenye saini za majirani na muhuri wa sheha, hauwi hati miliki. Ni ushahidi wa kuaminika kwamba siku fulani, kabla ya fedha kuingia, watu wote wanaopakana walikubaliana.

Mirathi iliyolala

Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuwasihi Wapemba walifanye mwaka huu, ningechagua hili. Mashamba yetu mengi bado yanaitwa kwa jina la marehemu. Watoto wanachuma kwa zamu, mabinti walioolewa mbali hupelekewa kapu la karafuu wakati wa msimu, na kila mtu anaridhika kwa sababu kinachogawanywa ni kidogo na undugu ni mkubwa. Fidia hubadilisha hali hiyo kwa siku moja, kwani hulipwa kwa fungu moja kwa jina lililoandikwa kwenye fomu, na jina hilo mara nyingi ni la yule mwanamume aliyekuwa shambani mpimaji alipofika.

Hesabu ya mirathi si ngumu, na kuifanya kwa miti kabla haijawa pesa huondoa ubishi mwingi. Tuchukue mfano wa mzee aliyeacha mikarafuu 48, mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, bila deni wala wasia, na wazazi wake walikwisha tangulia. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anachukua thumuni, yaani miti 6. Inabaki miti 42. Mtoto wa kiume huhesabiwa mafungu mawili na wa kike fungu moja, jumla mafungu saba, kwa hiyo kila fungu ni miti 6. Kila kijana anapata miti 12 na kila binti miti 6. Hesabu hiyo ikishaandikwa, ikathibitishwa na Mahakama ya Kadhi au kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, hata kama warithi wataendelea kuchuma pamoja kama zamani, siku ya malipo kila mmoja atajulikana kwa jina lake na kwa sehemu yake.

Mkutano wa warithi uitwe na mkubwa wa ukoo, si na mdogo mwenye haraka. Shangazi na dada walio Unguja, Tanga au Maskati wapigiwe simu, wapewe muda wa kusafiri au wa kumteua mtu kwa maandishi awawakilishe. Na asilazimishwe mtu kusamehe sehemu yake. Mwanamke anayesema mbele ya kaka zake kwamba amesamehe, kwa sababu ya haya tu, hajasamehe, na mgogoro atakaouacha utarithiwa na watoto wake.

Daftari la shamba

Nunua daftari la jalada gumu, lisilochanika kurasa kwa urahisi. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la shamba, kitongoji, shehia, wilaya, majirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na namna ulivyolipata. Kurasa zinazofuata ziwe za miti. Usiandike “mikarafuu mingi” au “kiasi cha hamsini”. Pita mstari kwa mstari na mtu wa pili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, na kila mti upewe nambari na maelezo yake: mkubwa unaozaa, wa makamo, mkinda, au mche uliopandwa juzi. Mti mgonjwa au uliokauka upande mmoja uandikwe hivyo hivyo, maana daftari linaloonesha kasoro huaminiwa zaidi kuliko linalosifu kila kitu. Kisha minazi, miembe, mifenesi, midarasini, migomba na kila kilichopandwa chini yake. Kisha majengo: nyumba, banda la kuku, kisima, choo, sakafu ya kuanikia karafuu. Na makaburi, hata yale ambayo alama zake zimefutika na yanajulikana na mzee mmoja tu.

Piga picha, na katika kila picha aonekane mtu anayejulikana akiwa amesimama kando ya mti au jengo, ili ukubwa ueleweke. Hifadhi nakala kwa jamaa aliye mbali na nyumbani.

Risiti za kuuzia karafuu Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, zisitupwe. Risiti za misimu kadhaa zikiwekwa pamoja zinaonesha shamba linazalisha nini katika mwaka wa mavuno makubwa na katika mwaka mbaya, na hapo ndipo unapoweza kumweleza mthamini kwamba mkarafuu haufidiwi kwa bei ya kuni. Mche wa mkarafuu unahitaji miaka sita au zaidi kabla haujatoa karafuu za kuchuma, na mti ukitunzwa unaishi kuliko aliyeupanda. Mtu aliyeng'olewa mikarafuu 30 inayozaa amepoteza kipato cha miaka yote ya kungojea mipya ikue, pamoja na ardhi ya kuipanda, ambayo huenda asiipate tena kwa bei ile.

Mama wanaolima mabonde ya mpunga na wanaolima mwani pwani nao wawe na madaftari yao. Wao ndio husahauliwa kwanza katika orodha, kwa sababu wanachokitumia hakina uzio wala hati. Andika konde lako liko wapi, tangu mwaka gani unalima, umepakana na nani, na umevuna magunia mangapi kila msimu.

Siku ya uthamini

Kila mradi mkubwa huweka tarehe ya mwisho, ambayo baada yake kitu kipya kitakachopandwa au kujengwa hakihesabiwi. Iulize tarehe hiyo kwa maandishi, uiandike daftarini, na usidanganyike kusimamisha vibanda vya usiku mmoja au kuchomeka miche iliyobanana ili ufidiwe zaidi. Wathamini wanazijua mbinu hizo, na mtu mmoja akikamatwa nazo shehia nzima hushukiwa.

Uwepo wewe mwenyewe shambani, na usiende peke yako. Mtu mmoja wa familia afuatane na anayehesabu, mwingine asimame kwa anayeandika. Kila mti unaowekwa alama ya rangi ulinganishwe na daftari lako hapo hapo, na tofauti isemwe kabla timu haijahamia upande wa pili. Fomu isomwe kwa sauti mpaka mwisho kabla ya saini au dole gumba. Usitie saini penye nafasi tupu, na usikubali kuambiwa nakala italetwa baadaye. Kama hawana mashine ya kutolea nakala, piga picha kila ukurasa kwa simu. Ukiwa hukubaliani na hesabu, andika neno lako kwenye fomu yenyewe juu ya saini. Sauti ya upole inatosha: “Sheha, naomba iandikwe kwamba sisi tumehesabu thelathini na wao wameandika ishirini na nne.”

Swali muhimu kuliko la bei ni hili: kati ya leo na siku ya malipo, niruhusiwe kufanya nini? Uganda, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2006, wananchi wa vijiji 13 vya Kabaale wilayani Hoima walianza kuandaliwa kuhamishwa mwaka 2012 kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Waliambiwa wasipande mazao ya kudumu, na waliochagua nyumba badala ya fedha walizipata mwaka 2017. Miaka yote hiyo walikuwa watu wa katikati, hawalimi kwa uhakika na hawajahama. Sisi tudai maandishi yanayosema kwamba tutaendelea kuchuma na kulima mpaka fidia ilipwe, na kwamba malipo yakichelewa yatahesabiwa upya, kwa kuwa bei za mwaka huu hazitanunua kitu kile kile baada ya miaka mitano.

Malipo yakija, yapitie benki, na kama ni mali ya mume na mke, au ya mume na wake zaidi ya mmoja, kila mwenye haki afunguliwe akaunti yake. Nimesikia hoja kwamba kufanya hivyo kunavunja heshima ya mwanamume ndani ya nyumba. Sikubaliani nayo hata kidogo. Dini yetu inamtambua mwanamke kuwa ni mwenye mali yake, na aliyelima anastahiki kuona jina lake limeandikwa.

Wanunuzi wa mapema

Kabla mtambo wowote haujasimamishwa, hupita watu wa kununua ardhi kwa bei inayoonekana kubwa kwa macho ya kijijini. Wengine hutumia jina la mtu wa hapa. Jibu la kwanza liwe lile lile kila mara, na familia nzima ilijue: “Shamba hili ni la marehemu babu, na sisi warithi ni wengi, siwezi kukujibu peke yangu.” Mnunuzi wa kweli atarudi. Uhaulishaji wa kudumu wa ardhi unapaswa kupita kwenye Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, iliyoundwa kwa sheria Namba 8 ya mwaka 1994, kwa hiyo anayekuhimiza mmalize mambo kwenye gari, au akuachie pesa za awali huku akichukua hati yako “aitolee nakala”, asipewe hata karatasi moja. Ukiamua kukodisha eneo kwa muda, kwa mfano kwa kambi au maegesho, andika muda, kodi, tarehe za kulipa, na nani atakayesafisha mahali hapo mkodi akiondoka.

Nyumba, soko na vijana

Mji mdogo wa Williston, North Dakota, ulikuwa na watu wapatao 14,700 mwaka 2010, na kufikia mwaka 2020 walizidi 29,000. Kodi za nyumba zilipanda mpaka zikashinda za miji mikubwa ya Marekani, na walimu na wazee waliokuwa wamepanga humo kwa miaka wakashindwa kulipa. Kisha bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, ikaanguka chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka 2016, wafanyakazi wakaondoka, na waliojenga kwa mikopo wakabaki na vyumba vitupu.

Mwenye nyumba wa Chake, Mkoani, Wete au Micheweni anaweza kujikinga kwa kanuni moja: hesabu ya ujenzi ifungwe kwa kodi ambayo mwalimu wa skuli au muuguzi wa hapa anaweza kuilipa. Kama mkopo unalipika kwa kodi hiyo, jenga. Kinacholipwa zaidi na mgeni wa kampuni kichukuliwe kuwa ni cha ziada, kilipie deni haraka au kinunue kitu cha kudumu. Mpangaji wa zamani usimtoe kwa tamaa ya mgeni wa miezi sita. Huyo wa zamani ndiye atakayekuwepo baadaye, na mara nyingi ni ndugu au mtoto wa jirani.

Katika chakula, tatizo huanza taratibu. Gari ya kambi ya kampuni inafika diko, pale samaki wanaposhushwa, asubuhi na kuchukua changu na kolekole wote kwa bei ambayo mama wa nyumbani haiwezi. Haifai kumlaumu mvuvi. Kamati ya diko inaweza kukubaliana kwamba sehemu ya samaki hunadiwa kwanza kwa wenyeji, na kaya zenye ardhi zisiache muhogo, ndizi na viazi vitamu kwa sababu tu kijana mmoja amepata ajira ya mshahara. Kulisha kambi yenyewe ni biashara nzuri kwa mkulima wa mboga na mfugaji wa kuku, ila anayetaka zabuni anahitaji kikundi kilichosajiliwa, akaunti, na uwezo wa kuleta kiasi kile kile kila wiki. Hayo huchukua muda, kwa hiyo yaanzwe mapema.

Kwa vijana, kazi nyingi za mwanzo ni za muda: kukata njia za utafiti, kubeba nyaya, kulinda. Zichukuliwe, lakini mshahara wake usibadilishwe pikipiki ya mkopo. Anayetaka kubaki katika sekta hii ajifunze ufundi unaokubalika popote, kama uchomeleaji, umeme na ufundi wa mitambo, na vituo vya mafunzo ya amali kama cha Vitongoji ndipo pa kuanzia.

Wenye bahari

Sehemu kubwa ya vitalu iko majini, na mvuvi hana hati ya maji. Meli ya utafiti wa mitetemo huburuta nyaya ndefu na kuhitaji eneo tupu mbele yake, hivyo madema na nyavu huombwa ziondolewe kwa siku kadhaa. Kila chombo kiwe kimesajiliwa, kila nahodha awe na daftari la siku alizovua, mahali na mapato ya mnada, na dago (kambi za wavuvi) za msimu ziorodheshwe pamoja na wanaozitumia. Sheria ya mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira na jamii chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Wakati wa kukusanya maoni, kamati za wavuvi za maeneo ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba ziulize nyakati za kuzaliana samaki, umbali kutoka miamba ya Misali, na nani atakayelipa wavu ukikatwa. Swali lililoulizwa mkutanoni na kuandikwa katika muhtasari lina uzito kuliko malalamiko mia ya barazani.

Ugomvi ukitokea, na siku ya kampuni kuondoka

Anza kwa sheha, kwa barua yenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala nyingine iende kwa afisa wa kampuni anayepokea malalamiko na kwa ofisi ya wilaya. Ukikwama, wasaidizi wa sheria wa jimboni na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Chake Chake, watakuonesha njia, na mgogoro wa ardhi wenyewe una Mahakama yake ya Ardhi. Usifunge barabara na usiharibu vifaa. Mtwara mwaka 2013, ghasia za bomba la gesi ziliondoka na roho za watu, na gesi ikasafirishwa vile vile.

Utafiti ukimalizika, kampuni huja na fomu nyingine, ya kuthibitisha kwamba eneo limerudishwa katika hali yake na kwamba mwenye shamba hana dai zaidi. Kabla ya kuitia saini, tembea eneo lote ukiwa na picha za mwanzo mkononi. Mashimo yafukiwe na udongo wa juu urudishwe juu. Njia za maji ya mvua zifunguliwe. Kisima kipimwe maji, na majibu ulinganishe na yale ya kipimo cha kabla ya kazi, ambacho ulikiomba kwa maandishi tangu siku ya kwanza. Kama mvua za masika hazijapita, omba fomu isubiri zipite, kwa kuwa udongo uliojazwa wakati wa kiangazi hujulikana umekaa vipi baada ya masika moja.